Namna ya Kuandaa Pambano Kubwa la Visanamu kwa Wachezaji Wanane

Watu wawili wanaocheza vita vya visanamu kwenye meza ya nyumbani hawahitaji maandalizi makubwa. Kila mmoja hupanga jeshi lake, hupima mwendo kwa futi, hurusha dadu ili kuamua nani amepigwa na nani amesalimika, na jioni mchezo huwa umekwisha. Wachezaji wanane wanapoweka majeshi yao kwenye meza moja, wanne upande huu na wanne upande ule, mchezo huohuo hubadilika tabia, na mambo ambayo hayakuwa na uzito kwa watu wawili huweza kuiharibu siku nzima. Mwongozo huu unahusu pambano la namna hiyo: la majeshi ya kubuni, yaani mazimwi, majoka, mbilikimo, wachawi na wafu waliofufuka, kila mchezaji akiwa na visanamu 60 hivi vya kimo cha milimita 28 alivyovipaka rangi kwa mkono wake. Nimeuandika nikiwafikiria wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na miji iliyo kati, kwa sababu baridi yetu, mbao zetu na umbali wa miji yetu huamua mengi katika maandalizi.

Kinachoharibu pambano kubwa ni kusubiri. Katika pambano la kwanza nililohudhuria, kwenye ukumbi mmoja wa Iringa, tulikuwa kumi na wawili na tulicheza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyozoea nyumbani. Ilipofika saa saba mchana, kijana mmoja aliyekuwa ametoka Makambako alfajiri alikuwa hajarusha dadu hata moja. Alikuwa amesimama asubuhi yote nyuma ya kikosi cha mazimwi alichokipaka rangi kwa miezi mitatu, akiwaangalia wengine wakibishana. Tangu siku hiyo, kila ninapopanga pambano najiuliza kwanza kama kuna mtu atakayesimama hivyo, na karibu kila ushauri ulio hapa chini umetokana na swali hilo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya muda kabla ya kumwalika mtu

Chukua kalamu. Wachezaji wanane wakicheza kwa zamu, na kila mmoja akatumia dakika 15, raundi moja hula dakika 120. Raundi tano, ambazo ndizo kiwango cha chini cha pambano lenye maana, hula saa kumi kamili bila chakula wala mapumziko. Hakuna ukumbi wa kukodi wala uvumilivu wa binadamu unaotosha hapo. Lakini wachezaji wote wanne wa upande mmoja wakicheza kwa pamoja, kila mmoja akishughulika na adui aliye mbele yake, zamu ya upande mzima inaweza kukamilika kwa dakika 25. Raundi moja itakuwa dakika 50, na raundi tano zitakuwa saa nne na dakika kumi.

Ratiba ninayoitumia ni hii. Watu wafike saa mbili asubuhi, majeshi yaanze kupangwa saa tatu, na raundi ya kwanza ianze saa tatu na nusu. Raundi tatu huisha saa sita kamili, watu hula kwa saa nzima, na raundi mbili zilizobaki huchezwa kuanzia saa saba hadi saa nane na dakika arobaini. Wanaorudi mbali hupata basi kukiwa bado na mwanga, na umeme ukikatika hakuna kinachosimama, kwa kuwa kila kitu kimefanyika mchana karibu na madirisha.

Hatua ya pili: meza

Meza isizidi upana ambao mkono unaweza kufika katikati yake. Hili ni kosa la kawaida, kwani watu hudhani kwamba pambano kubwa linahitaji meza pana, kumbe linahitaji meza ndefu. Karatasi moja ya plaiwudi ina futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244, na upana huo wa futi 4 ndio hasa unaofaa. Unganisha karatasi mbili kwa ncha zao fupi upate meza ya futi 16. Kila mchezaji atakuwa na futi 4 za kusimama na za kupigania, na hakuna atakayelazimika kulalia meza ili akisogeze kikosi chake. Karatasi hizo zilazwe juu ya meza za kawaida za ukumbi zilizo na urefu sawa, na zifungwe pamoja kwa klempu upande wa chini, kwa maana mpasuko wa milimita tatu tu katikati ya uwanja huangusha kila sinia la kubebea kikosi linalopita hapo.

Niliwahi kuona meza ya upana wa futi 8. Asubuhi ile ya Julai kulikuwa na baridi kali, kila mtu amevaa koti zito, na mchezaji mmoja aliponyoosha mkono kufikia kilima cha katikati, mkono wa koti lake ulinasa mikuki na kufagia wapiga mishale thelathini wa jirani yake. Kwa hiyo, pamoja na kupunguza upana, waombe wachezaji wavue makoti au wakunje mikono kabla ya kugusa meza. Kwa watu wa Mafinga na Njombe hilo si ombi dogo, kwa hiyo chagua ukumbi unaopata jua la asubuhi.

Hatua ya tatu: ardhi ya vita

Hapa nyanda za juu zinatupendelea kuliko mahali pengi. Unga wa mbao, ambao hurundikana bure kwenye viwanda vya kupasua mbao vya eneo la Mafinga, ukichekechwa kwa chujio la chai, ukachanganywa na rangi ya maji ya kijani na kahawia, kisha ukaanikwa kwenye gazeti kwa siku mbili, huwa majani mazuri ya kunyunyizia juu ya gundi. Kandokando ya Mlima Rungwe hupatikana mawe ya volkano yenye vitundu, mepesi kiasi cha kuelea majini. Mawe hayo hukatika kwa msumeno wa mkono, hunywa rangi vizuri, na kipande cha ukubwa wa ngumi hugeuka kuwa jabali lisiloilemea meza. Chungu kidogo cha Wakisi kutoka Matema, kikigeuzwa juu chini na kuchorewa mlango na madirisha, ni mnara wa mchawi ambao sijaona wa plastiki unaoufikia kwa uzuri. Vilima vitengenezwe kwa stailofomu inayokuja ndani ya maboksi ya friji na televisheni, vipande viwili au vitatu vikipandanishwa kama ngazi, ili vikosi viweze kusimama juu yake bila kuteleza.

Usijaze meza. Kwa meza ya futi 16, vilima vitatu, misitu minne, majabali matano au sita na jengo moja au mawili vinatosha. Misitu iwe vitambaa vya kijani vyenye miti isiyogandishwa, ili kikosi kinapoingia msituni miti iondolewe na kitambaa kibaki kuonyesha mpaka. Zaidi ya yote, acha njia za kupita. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, si mbali na Iringa mjini, kikiwa katika safu ndefu na nyembamba, pale Wahehe wa Mkwawa walipokiibukia kutoka mafichoni. Zelewski aliuawa, na kikosi chake kikavunjika kabla hakijapata nafasi ya kujipanga. Anayepanga ardhi ya mchezo na afikirie safu ile. Ukiacha pengo moja tu kati ya vilima viwili, mchezaji aliye mbele yake atarundika vikosi vyake vyote nyuma ya kikosi kimoja, na visanamu arobaini vitashinda vimesimama bila kumgusa mtu. Kila futi 4 za meza ziwe na njia mbili angalau.

Hatua ya nne: majeshi na rangi

Amueni seti moja ya kanuni ambayo kila mtu anayo, na kiwango kimoja cha pointi kwa kila jeshi, yaani jumla ya thamani ambazo kanuni huvipa visanamu vyake. Pointi 1,000 kwa mchezaji hutosha. Weka mpaka wa joka au jitu moja tu kwa kila mchezaji na mchawi mmoja tu, kwa sababu wachawi na majitu ndio wanaoleta mabishano mengi na kula muda mwingi.

Nasisitiza kwamba visanamu vipakwe rangi, na sababu yake si urembo peke yake. Kwenye meza yenye visanamu 480, rangi ndiyo inayomwambia mchezaji kwa jicho moja kikosi kipi ni cha nani. Upande mmoja ukubaliane, kwa mfano, kwamba kila kitako, yaani kibao ambacho kisanamu kimesimama juu yake, kiwe na ukingo mwekundu, na upande wa pili ukingo mweupe. Jambo hilo dogo huokoa maswali mengi.

Paka kwa mafungu ya visanamu kumi, rangi moja kwa vyote kumi, kisha rangi inayofuata. Anza kwa kukwangua mishono ya plastiki kwa kisu, osha visanamu kwa maji na sabuni ili mafuta yatoke, viache vikauke usiku kucha. Halafu paka praima, yaani rangi ya msingi inayozifanya rangi nyingine zishike. Tuseme mbele yako kuna zimwi mwenye rungu. Ngozi ipate rangi ya kijivu-kijani, ngozi ya mnyama aliyojifunga kiunoni ipate kahawia, chuma kipate rangi ya fedha. Rangi tatu zinatosha. Zikikauka, chukua kahawia iliyokoza, izimue kwa maji hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, kisha ipake juu ya mwili mzima. Itateremka yenyewe kwenye mikunjo ya tumbo, chini ya nyusi na katikati ya vidole, na zimwi aliyekuwa bapa kama katuni atapata kivuli na uzito. Mwisho, chovya brashi kuukuu kwenye rangi ya ngozi iliyochanganywa na nyeupe kidogo, ifute kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, na uipitishe upesi juu ya mabega, pua na vifundo vya vidole. Mara ya kwanza nilipoona pua ya zimwi ikitokeza hivyo chini ya brashi, niliacha kula chakula cha jioni kikapoa.

Hali ya hewa yetu inahitaji uangalifu wa pekee. Praima na vanishi za kopo la kupulizia hazipendi baridi wala unyevu. Ukipulizia vanishi asubuhi yenye ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi za Tukuyu wakati wa mvua, inaweza kukauka ikiwa na utando mweupe, na kazi ya miezi ikaonekana kama imemwagiwa unga. Ngoja siku kavu, jua likiwa limepanda, tangu saa nne hivi, pulizia nje mahali pasipo na upepo, na kamwe usilipashe kopo karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa linaweza kulipuka. Kuanzia Julai hadi Septemba taabu ni kinyume chake, kwani hewa kavu huikausha rangi ya akriliki kwenye sahani kabla brashi haijarudi. Weka sponji iliyoloweshwa kwenye sahani, tandika karatasi ya kuokea juu yake, na uweke rangi juu ya karatasi hiyo. Rangi itakaa mbichi kwa saa kadhaa. Vumbi la Agosti nalo huganda kwenye vanishi mbichi, kwa hiyo visanamu vinavyokauka vifunikwe kwa boksi.

Kila kikosi kiwe na sinia lake la kadibodi ngumu au plaiwudi nyembamba lenye ukingo, ili visanamu ishirini visogezwe kwa mkono mmoja badala ya kimoja kimoja. Asiye na masinia atatumia raundi nzima kusogeza watu watatu watatu, na wenzake watamsubiri.

Kuhusu usafiri, maneno machache yanatosha. Barabara kati ya Mbeya na Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na ina matuta mengi. Gundisha sumaku ndogo chini ya kila kitako na utandike bati jembamba ndani ya boksi, au vipachike visanamu katika vipande vya sponji ya godoro vilivyokatwa matundu. Boksi lisafiri mapajani mwako, lisiwekwe kwenye buti la basi.

Hatua ya tano: kanuni za siku hiyo

Pamoja na kanuni za kawaida, andika ukurasa mmoja wa kanuni za pambano, uuchapishe, na umpe kila mchezaji wiki moja kabla. Mambo yafuatayo yasikosekane.

Kila upande umchague jemadari. Kabla ya raundi ya kwanza apewe dakika kumi za kupanga mkakati na wenzake, na baada ya hapo yeye peke yake ndiye anayezungumza na mwamuzi. Dakika 25 za kila zamu zigawanywe hivi: dakika 8 za kusogeza vikosi, 7 za uchawi na mishale, na 10 za mapigano ya mkono kwa mkono. Mwamuzi ashike saa na atangaze kila sehemu inapokwisha. Kikosi ambacho hakijasogezwa kibaki kilipo. Sheria hii huonekana kali katika raundi ya kwanza, lakini ikifika raundi ya pili kila mtu ameanza kufikiria mwendo wake wakati adui anacheza.

Mwamuzi asiwe mchezaji. Kazi yake ni ya zamani kama mchezo wenyewe: mwaka 1824, Reisswitz, afisa wa Prussia, alipowasilisha mchezo wake wa vita kwa ajili ya mafunzo ya maafisa, kulikuwa tayari na mwamuzi anayesikiliza amri za pande zote mbili na kuamua matokeo. Kwetu atafute jibu la kila mzozo kwa muda usiozidi dakika mbili. Likikosekana, arushe dadu moja: nne au zaidi, mchezaji aliyedai amepata, pungufu ya hapo, amekosa. Kitabu cha kanuni kisomwe vizuri baada ya mchezo. Wachezaji wakiwa wanane, waamuzi wawili ni bora zaidi, kila mmoja akishika futi 8 za meza.

Majeshi yaanze ndani ya inchi 12 kutoka ukingoni. Kwa kuwa meza ina upana wa inchi 48, zitabaki inchi 24 katikati. Askari wa miguu wanaokwenda inchi 6 kwa raundi, pande zote mbili zikisonga, hukutana katika raundi ya pili. Mkiwapanga nyuma zaidi, asubuhi nzima itaishia katika kutembea.

Ushindi uhesabiwe mwishoni mwa kila raundi. Weka alama tano katika mstari wa katikati ya meza, zikiachana sentimita 80 hivi, na kila alama inayoshikiliwa iupe upande huo pointi moja. Hesabu ya namna hii ina faida mbili. Kwanza, mchezo ukikatizwa wakati wowote kuna matokeo. Pili, kila mchezaji ana alama karibu yake ya kupigania, hata yule aliye mwisho kabisa wa meza.

Hatimaye kuna kanuni niliyoiongeza kwa ajili ya yule kijana wa Makambako. Kikosi cha askari wa miguu wa kawaida kinachoangamizwa hurudi katika raundi inayofuata, kikiingia kutoka ukingo wa upande wake. Majoka, majitu, wachawi na mashujaa hawarudi. Hivyo hakuna anayemaliza jeshi lake saa tano na kushinda ameketi kwenye kiti hadi jioni, na aliyempoteza jitu wake bado anauonja uzito wa hasara.

Hatua ya sita: siku ya pambano

Anayeanza kujifunza apangwe kati ya wazoefu wawili. Mzoefu wa kulia kwake amsaidie kanuni, wa kushoto amwache acheze. Kama mgeni ni mtu mzima aliyekuja kutazama, msalimie, mpe kiti mahali anapoona meza yote, na mwamuzi mmoja amweleze kinachoendelea, kwa kuwa wengi wa wachezaji wetu wa leo walianza wakiwa watazamaji.

Dadu zirushwe ndani ya kifuniko cha boksi la viatu kilichotandikwa kitambaa, ili zisivingirike katikati ya visanamu. Dadu iliyolala upande irushwe tena bila mjadala. Wapiga mishale ishirini wanaolenga kwa nne au zaidi warushiwe dadu zote ishirini kwa pamoja. Ondoa zilizokosa na uziache zilizopata, ambazo kwa wastani ni kumi. Chukua hizohizo uzirushe tena kuona ni mishale mingapi imejeruhi, na kama kipimo ni kilekile, zitabaki tano hivi. Mpinzani huona kila kitu kwa macho yake, hakuna anayehesabu mara mbili, na shambulio zima huchukua nusu dakika.

Pale vikosi vya wachezaji wawili wa upande mmoja vinapopigana na adui mmoja, mwenye kikosi kilichofika kwanza ndiye anayeongoza pigano hilo. Anayemaliza mapigano yake mapema amsaidie jirani kukusanya dadu na kuondoa majeruhi, asiende kupiga soga. Chupa za chai, vikombe na sahani vikae kwenye meza ya peke yake, hatua tatu kutoka uwanjani. Saa sita, kabla ya chakula, mwamuzi apige picha za meza nzima kutoka pande zote nne, ili mchezo ukirejea pasiwe na ubishi kwamba kikosi fulani kilikuwa mbele zaidi.

Baada ya raundi ya tano, jumlisheni pointi, majemadari wapeane mikono, kisha kila mtu akusanye visanamu vyake mwenyewe, akivihesabu kwa orodha aliyokuja nayo. Waamuzi wapite chini ya meza wakiwa na tochi za simu. Mara nyingi hupatikana ngao mbili tatu, mkuki, na pengine mkono mzima wa mbilikimo. Viwekwe katika bahasha moja na vipigwe picha, ili mwenyewe avitambue hata akiwa amekwishafika kwao.